Kopo, dumu na fungu la matembele

Ukishuka Maili Moja, Kibaha, saa kumi na moja jioni, chakula cha usiku kinakusubiri kwa sura tatu. Chini, juu ya viroba, yamepangwa mafungu ya mchicha na matembele yaliyonyunyiziwa maji yasinyauke. Hatua chache kutoka hapo, mbele ya genge, limekaa dumu la lita 20 la mafuta ya kula, mdomo wazi, faneli imechomekwa, kikombe cha kupimia pembeni. Na ndani ya duka lenye rafu na kiyoyozi kuna makopo: njegere, mahindi matamu, uyoga, maharage kwenye rojo la nyanya, na nyanya nzito katika vikopo visivyojaa kiganja.

Sura hiyo ya tatu zamani ilikuwa ya hotelini na kwa wageni. Siku hizi Kibaha, makao makuu ya Mkoa wa Pwani, ni mji wa watu wengi wanaodamkia Dar es Salaam, kilomita zipatazo 40, na kurudi giza limeingia. Mpangaji anayefika chumbani saa tatu usiku hana muda wa kuchambua matembele. Anakaanga kitunguu, anafungua kopo, anakula, analala.

Kisarawe, upande wa pili wa vilima vya Pugu, hadithi ni nyingine. Ukishapita mjini ukaelekea Masaki au Maneromango, unakutana na mihogo, minazi na mikorosho, na kopo la njegere ni kitu cha kuonekana dukani zaidi kuliko mezani. Kitoweo ni kisamvu, matembele, majani ya kunde, mlenda, samaki siku ya neema. Lakini hata huko mafuta yananunuliwa kila siku, tena kwa vipimo vya jero na buku.

Kuhusu kopo na dumu, hukumu za mtaani zimeshatolewa. Kopo, wanasema, ni chakula mfu, hakina kitu. Mafuta nayo ni adui: ndiyo yanayoleta presha, kisukari na vitambi. Hukumu zote mbili zina chembe ya ukweli, na zote mbili zimetolewa haraka mno.

Tuanze na hesabu, maana hesabu ndiyo inayowachanganya watu. Gramu 100 za mafuta, yawe ya alizeti, ya mawese au ya karanga, zinatoa takribani kilokalori 884. Kijiko kimoja cha chakula ni kilokalori 120 hivi. Njegere za kopo zilizochujwa maji, kwa uzito ule ule wa gramu 100, zinatoa kilokalori 69, zikiwa na protini gramu nne na nusu, nyuzinyuzi gramu nne au tano, na vitamini C kiasi. Ukitafuta protini kwenye chupa ya mafuta hupati. Nyuzinyuzi hupati, vitamini C hupati, chuma huoni. Mafuta ni mafuta matupu, pamoja na vitamini chache zinazoyeyuka ndani yake.

Kwa kusoma hivyo, mtu anaweza kutangaza kwamba kopo limeshinda. Ndivyo wengi wanavyosoma lebo: huku kuna virutubishi kumi, huku kimoja, basi. Tatizo ni kwamba hakuna anayekunywa mafuta, na mboga ikiliwa bila mafuta sehemu kubwa ya virutubishi vyake vinavyoyeyuka kwenye mafuta hutoka mwilini kama ilivyoingia.

Hapa Watanzania wana utafiti wao wenyewe wa kujivunia, ingawa hautajwi sana. Mwaka 2002 Generose Mulokozi wa Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, pamoja na Ulf Svanberg na mwenzao kutoka Sweden, walichapisha matokeo ya kazi waliyofanya kwenye mboga za majani. Walizipika bila mafuta, kisha wakazipika kwa mafuta ya alizeti na kwa mafuta mekundu ya mawese, halafu wakazipitisha maabara katika hatua zinazoiga usagaji wa chakula tumboni. Walitaka kujua ni kiasi gani cha karotini, ile ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinaachiliwa ili kiweze kufyonzwa. Mboga iliyochemshwa tu iliachia sehemu ndogo, chini ya theluthi. Ile iliyopikwa kwa mafuta iliachia zaidi sana, na kwa baadhi ya mboga karibu yote. Mboga ni ile ile, sufuria ni ile ile. Karotini ni abiria, mafuta ndiyo daladala. Asipopata usafiri, atabaki kituoni.

Na si jambo la maabara tu. Mwaka uliotangulia, 2001, ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa wajawazito 90 wa vijijini Tanzania. Baadhi yao waliongezewa mafuta ya alizeti kwenye mlo na baadhi mawese mekundu. Waliopewa mawese walipandisha karotini katika damu na katika maziwa ya mama. Lakini la kuzingatia ni kwamba hata kundi la alizeti, mafuta ambayo hayana karotini ya kuzungumzia, halikuporomoka kwa vitamini A ya kwenye maziwa. Mafuta yenyewe, kwa kuwapo tu kwenye mlo, yalikuwa yanafanya kazi.

Hii ina uzito katika nchi ambako upimaji wa mwaka 2010 ulikuta takribani theluthi moja ya watoto wa chini ya miaka mitano wana upungufu wa vitamini A, na ambako utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto hao wamedumaa. Kumwambia mama wa Mzenga au Mlandizi kwamba mafuta ni adui, bila kumwambia ni mafuta gani na kiasi gani, ni kumpotosha.

Sasa turudi kwenye kopo. Teknolojia yake ina zaidi ya miaka 200. Mfaransa Nicolas Appert, mpishi na mtengenezaji wa vitu vitamu, ndiye aliyegundua kwamba chakula kikizibwa vizuri na kuchemshwa ndani ya chombo chake kinakaa miezi bila kuoza, na mwaka 1810 serikali ya nchi yake ikamlipa faranga 12,000. Wakati huo haikujulikana bado kwamba bakteria ndio wanaoozesha chakula. Appert alitumia chupa. Bati lilifuata kule Uingereza mwaka huo huo. Jambo la kuzingatia ni kwamba kinachokihifadhi chakula cha kopo ni moto na kizibo. Wanaosema kila kopo limejaa dawa za kuhifadhia hawajasoma lebo ya njegere: mara nyingi utakuta njegere, maji, chumvi, pengine sukari.

Moto huo unaua nini? Unaua vitamini C, kwanza kabisa, na baadhi ya vitamini za kundi B. Njegere mbichi zilizochemshwa nyumbani zina vitamini C miligramu 14 kwa gramu 100. Za kopo zina karibu 10. Imepungua, ndiyo, lakini haijaisha. Nyuzinyuzi, madini na protini hazitishwi na moto wa kiwandani. Mapitio ya tafiti yaliyofanywa na wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2007, yalifikia hitimisho ambalo wenye magenge hawatalipenda: kopo hupoteza vitamini C nyingi siku ya kutengenezwa, kisha hutulia hapo, mboga mbichi huanza na nyingi, halafu hupoteza kila siku inayokaa bila kupikwa. Mchicha uliochumwa alfajiri bondeni na kupikwa mchana hauna mpinzani. Mchicha uliochumwa juzi, ukapanda guta, ukashinda juani, ukarushiwa maji mara nne ili uonekane mbichi, hauna tena haki ya kulicheka kopo.

Nyanya ni kesi ya pekee. Ile nyekundu ya nyanya, likopeni, haiharibiwi na kupikwa; nyanya inapochemshwa na kukamuliwa maji likopeni hujikusanya. Nyanya mbichi ina miligramu mbili na nusu hivi kwa gramu 100, nyanya nzito ya kopo ina zaidi ya 28, na vitamini C yake pia inaizidi nyanya mbichi kwa uzito ule ule. Bila shaka hakuna anayekula gramu 100 za nyanya nzito. Kijiko kinatosha sufuria nzima. Lakini kijiko hicho si takataka. Ukikosa nyanya mbichi za kueleweka, au zikipanda bei kama zinavyopanda masika yakiharibu mashamba, kikopo cha nyanya ni mboga halali kabisa. Iringa kuna viwanda vinavyosindika nyanya zetu wenyewe, kwa hiyo hata shilingi inaweza kubaki nyumbani.

Shida ya kweli ya kopo ni chumvi, na hapo mtaa haujakosea sana isipokuwa umetaja jina lisilo lake. Njegere zilizopikwa nyumbani bila chumvi zina sodiamu miligramu tatu kwa gramu 100. Za kopo zina zaidi ya 270. Kopo la kawaida likichujwa hutoa njegere kama gramu 240, kwa hiyo anayelimaliza peke yake ameingiza miligramu 650, theluthi ya kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 2,000 kwa siku, kabla hajagusa chumvi ya mezani. Maharage ya rojo ni mabaya zaidi, maana lile rojo huliwa lote, na ndani yake kuna sukari pia. Lebo nyingi zimeandika sodiamu badala ya chumvi. Zidisha mara mbili na nusu upate chumvi yenyewe.

Dawa yake ni ndogo na haina gharama. Mwaga maji ya kopo, suuza maharage au njegere kwa maji safi, chuja. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba kuchuja na kusuuza maharage ya kopo kunapunguza sodiamu kwa takribani asilimia 40. Halafu usitie chumvi nyingine. Kopo lililovimba, linalovuja au linalofoka hewa unapolifungua, litupe bila kuonja, hata kama lilinunuliwa jana kwa bei ya punguzo. Sumu ya botulini haina harufu wala ladha.

Kuhusu dumu kuna mengi zaidi ya kusema, kwa sababu kopo ni chaguo la wachache na dumu ni la wote.

Mafuta ya kupima yana utaratibu wake. Mteja anafika na chupa tupu ya maji, maana mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. "Mama, nipimie ya buku." Mama anachota kwa kikombe, anamimina kwenye faneli, anaongeza tone la upendo, anafuta mikono kwenye kanga. Hakuna lebo, hakuna tarehe, hakuna jina la kiwanda. Ukiuliza ni mafuta gani, jibu ni moja kati ya mawili: "Ni korie" au "Ni alizeti". Hilo la kwanza ni jina la bidhaa ambalo mtaani limeshakuwa jina la mafuta yoyote ya mawese yaliyosafishwa. La pili mara nyingine ni matumaini ya muuzaji.

Tofauti kati ya hayo mawili haiko kwenye nguvu, maana kilokalori ni zile zile. Iko kwenye aina ya mafuta. Karibu nusu ya mawese ni mafuta mazito, yale yanayoganda kwenye ubaridi na ambayo yakizidi hupandisha lehemu kwenye damu. Alizeti ina sehemu moja tu kati ya kumi. Mafuta ya karanga na ya ufuta yako katikati, asilimia 14 hadi 17. Nazi, kipenzi cha Pwani, inayapita yote: zaidi ya asilimia 80. Kwa vitamini E alizeti inaongoza kwa mbali, miligramu 41 kwa gramu 100. Mawese yana 16 hivi, na mafuta ya nazi hayana ya kutajwa.

Kwa hiyo kigezo cha kina mama wa Iringa na Njombe, kwamba mafuta yanayoganda asubuhi ndiyo mazito, kina ukweli wake. Kibaha joto linayaficha. Mawese yanabaki majimaji mwaka mzima na mteja hajui anachokinunua. Ila kuganda peke yake si dalili ya uchakachuaji wala ya sumu. Ni tabia ya mafuta.

Na kuna maandishi makubwa kwenye chupa za dukani ambayo yananichekesha kila ninapoyaona: "Hayana lehemu." Kweli tupu. Hakuna mafuta ya mmea yenye lehemu ya kuzungumzia, hata ya nazi, hata ya mawese. Lehemu ni ya wanyama. Kuyasifia mafuta ya alizeti kwa kukosa lehemu ni kuyasifia kwa sifa ambayo hata mpinzani wake anayo. Lebo inayosema kitu ni ile inayotaja kiasi cha mafuta mazito na kama yameongezwa vitamini A.

Hiyo vitamini A ni sheria. Kanuni za mwaka 2011 za kuongeza virutubishi kwenye chakula zililazimisha viwanda kuongeza vitamini A kwenye mafuta ya kula, kama vinavyotakiwa kuongeza madini ya chuma na vitamini nyingine kwenye unga wa ngano na wa mahindi. Mafuta yalichaguliwa kwa akili: kila nyumba inayanunua, na vitamini A huyeyuka ndani yake bila kubadili ladha. Tangu mwaka 2019 ukaguzi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Lakini vitamini A ina maadui wawili, mwanga na hewa, na dumu la mbele ya genge linawakaribisha wote wawili. Plastiki inapitisha mwanga, mdomo uko wazi, jua la Pwani linapiga tangu saa mbili asubuhi. Mafuta yanayokaa hivyo yanaanza kuchachuka polepole, na kadiri yanavyochachuka ndivyo vitamini iliyoongezwa kiwandani kwa mujibu wa sheria inavyozidi kuharibika. Anayepungukiwa zaidi ni yule asiyeweza kununua chupa ya lita moja kwa mkupuo, ambaye sheria ilitungwa kwa ajili yake.

Nchi yetu haijajitosheleza kwa mafuta. Mwanzoni mwa muongo huu Serikali ilikuwa ikitaja mahitaji ya takribani tani 570,000 kwa mwaka dhidi ya uzalishaji wa ndani wa tani 205,000 hivi. Pengo linazibwa zaidi na mawese ya Malaysia na Indonesia. Ndiyo maana Indonesia iliposimamisha kuuza mawese nje kwa wiki kadhaa kati ya Aprili na Mei 2022, wakati vita ya Ukraine imeshakata alizeti ya huko, soko la mafuta duniani lilitikisika na kikombe cha buku hapa kwetu kikawa kidogo.

Kisarawe yenyewe iliwahi kuahidiwa neema ya mafuta. Mwaka 2009 kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipata zaidi ya hekta 8,000 za ardhi ya vijiji 11 vya wilaya hiyo ili kulima mibono kaburi, mmea ambao mbegu zake hutoa mafuta ya mitambo na ni sumu kwa mlaji. Mwaka 2011 mradi ulikwama na wafanyakazi wakarudi majumbani. Sijui kama kuna aliyepiga hesabu ya ufuta na karanga ambazo zingetoka kwenye ardhi hiyo, lakini mtu anayepita huko leo ana haki ya kuuliza.

Tunachobaki nacho Kisarawe ni kinu. Kisamvu cha kule huanzia shambani, majani machanga ya mhogo, kisha yanatwangwa mpaka yawe laini kabisa. Kutwanga si kwa ajili ya ulaini tu: majani ya mhogo yana kemikali inayotoa sianidi, na kuyaponda ndiko kunakoifungua ili itoke kwa mvuke wakati wa kuchemsha. Sufuria iachwe wazi mwanzoni, moto mkali, mpaka ile harufu kali ya majani iishe. Kisha karanga zilizosagwa, kisha tui. Bibi wa Kizaramo hakusoma kuhusu karotini, lakini mlo wake una jani lenye protini zaidi kuliko mboga nyingi, lina karotini, na una mafuta ya kuibeba: ya karanga na ya nazi kwa pamoja. Ni mpango kamili. Tui zito lina gramu 24 hivi za mafuta kwa kila gramu 100, kwa hiyo aliyetia nazi mbili na karanga hana sababu ya kuanza kwa kukaanga vitunguu kwa kikombe kizima cha korie. Hapo ndipo mlo mzuri unapogeuka mzigo, na ndipo wengi tunapokosea.

Magadi nayo yanafaa kuzungumzwa. Yanalainisha kisamvu na mlenda haraka na kuacha rangi ya kijani ya kupendeza, ila yanamaliza vitamini C na vitamini B1. Ukilazimika kuyatumia, tia kidogo mno. Mboga zioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Anayekata kwanza kisha akaosha anamwaga vitamini na yale maji ya kijani. Na kamulia ndimu mezani. Vitamini C ya ndimu inasaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye majani, jambo kubwa katika nchi ambako mwaka 2022 asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa kuzaa walikutwa na upungufu wa damu. Ndimu hiyo hiyo inalisaidia hata kopo: ikikamuliwa vizuri inarudisha sehemu ya vitamini C ambayo moto wa kiwandani ulichukua.

Nazi, kwa bahati mbaya, si rahisi kama zamani. Ugonjwa wa kunyong'onyea umekausha minazi mingi ya mwambao, na mradi wa kitaifa wa minazi ulioanza mwaka 1979, ambao kituo chake cha utafiti kiko Mikocheni, ulitumia miaka kutafuta mbegu inayovumilia. Nazi inapopanda bei, mama anapunguza tui na kuongeza mafuta ya kupima. Ndivyo jiko la Kisarawe linavyoungana na soko la Malaysia bila mwenye jiko kuulizwa.

Kuna njia ya tatu kati ya jani bichi na kopo ambayo Pwani tunaidharau: mboga kavu. Wagogo wa Dodoma wanaishi nayo kiangazi chote. Mulokozi na Svanberg walipima hilo pia, mwaka 2003, wakakuta kwamba majani yaliyokaushwa ndani ya kikaushio cha jua chenye kifuniko yanabakiza karotini nyingi kuliko yaliyoanikwa wazi juani. Majani ya kunde yanayotupwa Kisarawe masika yakishika yangeweza kuliwa Septemba, bila bati, bila chumvi.

Nikiulizwa nitumie vipi shilingi elfu tano kwa mboga za wiki, jibu langu ni hili. Singenunua njegere za kopo mahali ambapo bei ya kopo moja inalipa mafungu ya mchicha ya siku kadhaa. Ningenunua nyanya nzito bila aibu. Ningenunua matembele ya leo, si ya jana, na ndimu. Mafuta ningepunguza wingi nikaongeza ubora: chupa ndogo iliyofungwa, yenye nembo ya kuongezwa virutubishi, ikae kabatini mbali na dirisha, na kijiko kimoja kwa kila mlaji badala ya kumimina kwa macho. Mwenye ndugu Kigoma na amwombe lita moja ya mawese mekundu, yale yasiyopaushwa. Kijiko chake kimoja kinaweza kutosha vitamini A ya mtu mzima kwa siku. Mafuta ya kukaangia mihogo yaliyokwisha kuwa meusi na kutoa povu hayana tena cha kumpa mlaji, na kuyaongezea mapya juu yake hakuyafufui.

Lakini ushauri kwa mwenye elfu tano haumfikii mwenye jero. Huyo anategemea dumu, na dumu linategemea wenye mamlaka. Halmashauri za Kibaha na Kisarawe zina maafisa lishe, na kama halmashauri zote nchini zinatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. TBS ina wakaguzi. Wakaguzi hao wakitoka viwandani na maduka makubwa, wapite na magengeni: dumu liwe na jina la mafuta yaliyomo na tarehe yaliyofunguliwa, liwe na kifuniko, na likae kivulini.